Milembe Yupo Darasani

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 1997, kabla ya kengele ya kwanza, Justina Masele alikwenda shuleni kuomba ruhusa ya kusafiri na watoto wake wawili. Hakuwa amefiwa wala hakuwa na mgonjwa. Alitaka tu kuwapeleka watoto wakatembee.

Kijijini kwake, upande wa Sapiwi wilayani Bariadi, hilo halikuwa jambo la kawaida. Watu husafiri kwa msiba, kwa harusi, au kwa kufuata ng'ombe. Shule hufungwa mwezi Juni, lakini Juni ndiyo pamba imepasuka shambani, na mtoto akiachiwa na mwalimu asubuhi anapokelewa na mama yake mchana. Milembe wa darasa la saba na mdogo wake Veronica wa darasa la tatu walimaliza likizo yote wakichuma, vidole vikichubuliwa na vikonyo vikavu, na jioni walikaa chini kutenganisha pamba safi na fifi, ile chafu ya bei ndogo. Shule ilipofunguliwa Julai walirudi darasani wamechoka kuliko walivyotoka.

Miaka ya nyuma hata Agosti isingefaa kitu. Chama cha ushirika kilichukua pamba kikaacha stakabadhi, na mkulima alingoja malipo mpaka mvua nyingine. Tangu biashara ya pamba ifunguliwe, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao na kulipa papo hapo. Mwaka huo Justina na mumewe, Method Ngeleja, walijikuta na fedha mkononi katika majira ambayo hakuna palizi wala mavuno. Ila shule ilikuwa wazi.

"Watoto hawajapumzika hata kidogo," Justina alimwambia Mwalimu Mkuu, Joakim. "Naomba wiki mbili, mwalimu. Wakamwone bibi yao, mama yangu, kule Mwamanyili. Hawajawahi kuliona ziwa."

Alikuwa amejiandaa kugombezwa. Mwalimu Joakim hakuwa mtu wa mzaha; mzazi aliyeficha mtoto nyumbani aliburutwa mbele ya serikali ya kijiji. Lakini asubuhi ile aliegemea kiti chake akacheka.

"Darasa la saba, na mtihani mwezi ujao," alisema. "Mwingine ningemtimua. Lakini Milembe? Huyo hata ukimwamsha usingizini anafaulu. Nendeni, Mama Milembe. Hata mkikaa mwezi, mtihani mtaukuta."

Justina alitoka akimsifu. Njiani alikutana na wifi yake, Klementina, dada wa Method, aliyekuwa anaswaga mbuzi.

"Wifi, kumbe kweli mnakwenda likizo?"

"Kweli."

"Likizo ya ofisi gani? Kaka yangu siku hizi ana cheo?"

"Ya ofisi ya jembe."

"Haya. Basi na mimi kesho nawaaga hawa mbuzi. Nawaambia, jamani, nipo likizo, tutaonana mwezi wa kumi."

"Waage vizuri, na ukirudi uwaletee zawadi."

Walicheka mpaka mbuzi wakaingia kwenye shamba la mtu.

Justina na wanawe waliondoka juu ya lori lililobeba pamba kwenda kiwandani, wamezama mpaka kiunoni katika ile ile waliyoichuma wao, au ya majirani. Method alibaki na ng'ombe. Walipofika juu ya kilima na ziwa likaonekana, Veronica aliuliza ni shamba la nani. Milembe alimweleza, kwa sauti ya kidarasa, kwamba lile ni ziwa la kwanza kwa ukubwa Afrika. Justina alimsikiliza huku akitazama pembeni ili asionekane anavyotabasamu.

Bibi yao alikuwa uani anaanika dagaa. Alimwita Milembe kwa jina ambalo yeye peke yake alilitumia. "Minza wangu amekuja!" Mtoto wa Kisukuma hupewa majina ya watu wa ukoo, na ukoo una pande mbili. Upande wa baba walimwita Milembe, na ndilo lililoandikwa shuleni. Upande wa mama walimpa la bibi, Minza, nalo likabaki kando ya ziwa.

Wiki mbili zilikwisha. Kila Justina alipofunga mzigo, mama yake aliufungua. "Miaka sita sijakuona, unakuja kama mtu wa kuazima moto?" Milembe alikuwa amebeba madaftari yake, na kila asubuhi alifanya hesabu juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Justina alipomwona hivyo alisema moyoni kwamba wiki nyingine haitamdhuru. Baada ya hiyo alisema vivyo hivyo tena. Walirudi nyumbani Jumapili, tarehe 31 Agosti, wamenenepa, na sangara wa kubanika wamefungwa katika gazeti.

Jumatatu asubuhi watoto walikwenda shule. Jua lilikuwa halijapanda sana Milembe aliporudi peke yake. Hakusalimu. Aliketi kwenye kigoda jikoni, mfuko wa madaftari mapajani.

"Umefukuzwa?" mama yake aliuliza.

"Hapana."

"Umeugua?"

"Hapana, mayu."

"Sasa?"

Milembe alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kujibu swali sawasawa. "Milembe yupo darasani," alisema.

"Milembe gani?"

"Mimi. Mwalimu ameita jina langu, nikaitika, na mtu mwingine akaitika. Mwalimu akaniuliza, wewe mgeni unatafuta nani?"

Justina aliacha ugali ukiwa nusu maji. Alifika shuleni na mwiko mkononi, jambo aliloligundua baadaye tu, na akasimama kwenye dirisha lisilo na fremu la darasa la saba. Katika dawati la pili, mahali pa mwanawe, alikuwa ameketi msichana mrefu mwenye sketi mpya na soksi nyeupe. Mwalimu wa hesabu alikuwa akirudisha majaribio ya wiki iliyopita.

"Milembe Method."

"Nipo, mwalimu," alijibu yule msichana, akasimama, akachukua karatasi yake.

Justina alimjua. Alikuwa Benedikta, binti wa mnunuzi wa pamba kutoka Bariadi mjini, yule ambaye mizani yake ilisimama gulioni msimu mzima. Msichana huyo alikuwa amemaliza darasa la saba huko mjini mwaka uliotangulia na hakuchaguliwa kwenda sekondari. Kurudia darasa la saba hakuruhusiwi; mwenye kutaka kurudia hutafutiwa jina la mtoto aliyeacha shule. Justina alikuwa amesikia habari za namna hiyo. Alidhani hutumika majina ya waliokufa.

Watoto wote walimwona pale dirishani, watoto aliowapa maji kwake, waliokula michembe ya viazi kutoka kwenye chungu chake. Mmoja baada ya mwingine waligeuza macho ubaoni.

Mwalimu Joakim alimpokea ofisini kwa utulivu. Alifunga mlango, akamwonyesha paa.

"Mama Milembe, tazama juu. Hayo mabati mliyachanga ninyi?"

"Sijaja kwa habari ya mabati. Yule ni nani mahali pa mwanangu?"

"Mwaka jana watoto walinyeshewa humu. Serikali haikuleta hata msumari, na ushirika wenyewe hoi. Yule mzee wa mizani ameezeka madarasa mawili na ofisi hii, mtoto wake anahitaji mlango mmoja tu. Na wewe ulikuja hapa mwenyewe, kwa miguu yako, ukasema unamtoa mtoto."

"Niliomba wiki mbili! Ukacheka, ukasema hata mwezi!"

"Nami nikajua mmehama. Watu wanahama kila siku."

Justina aliketi bila kukaribishwa. Kile kicheko cha Agosti, alichokibeba mpaka ziwani na kumsimulia mama yake kama mfano wa mwalimu mwenye utu, kilikuwa kimemfungulia mlango wa kutokea ili mwingine aingie.

Mwalimu Joakim aliendelea, na sauti yake ilikuwa karibu ya huruma. Mtoto hatapotea, alisema. Kulikuwa na Kwandu Mahona. Wazazi wake walihama na ng'ombe kwenda Usangu mwaka juzi, na jina lake bado lilikuwa hai katika rejista ya darasa hilo. Milembe angefanya mtihani kama Kwandu, angefaulu kama Kwandu, na maisha yangeendelea.

"Na Kwandu akirudi?"

"Hawarudi wale."

"Hata Milembe ulisema harudi."

Mwalimu alivuta kiti karibu. "Mama, sikiliza hili la mwisho. Ukipiga kelele, wakubwa wakija hapa, wanafuta mtihani wa darasa zima. Watoto wote hao. Wazazi wao hawatanifuata mimi. Watakuja uani kwako."

Mchana huo Veronica alirudi na viganja vimevimba. Alikuwa amechapwa kwa utoro wa wiki nne. Dada yake, aliyesafiri naye juu ya lori lile lile, hakuwa na kosa lolote, kwa kuwa hakuwa ameondoka.

Jioni Method alisikiliza habari yote huku akisuka kamba. Alipomaliza kusikiliza alisema wachukue jina la Kwandu.

"Ni jina tu, Mama Milembe. Mtoto asome."

"Kesho yule mtoto anarudi kutoka Usangu, anaingia darasani, anaambiwa wewe mgeni unatafuta nani. Mimi nimeshamwona mtoto aliyeambiwa hivyo. Alikuwa ameketi hapo ulipoketi wewe."

Klementina alikuwepo. Kwa mara ya kwanza tangu Justina aolewe katika ukoo ule, wifi yake hakuwa na utani. Aliuliza tu, kwa sauti ndogo, "Na mimi niliyewacheka kwa likizo. Wifi, hivi yule mwalimu alikuwa amekaa anatungoja?"

Justina alikwenda Bariadi mjini, kwenye ofisi ya elimu ya wilaya. Ofisa aliyemsikiliza alikuwa kijana mwenye adabu, akamwamkia shikamoo na kumpa kiti. Aliuliza jina la mtoto na shule, akatoka, akarudi.

"Mama, kwa taarifa ya shule, Milembe Method hajakosa hata siku moja tangu Julai. Ni mfano mzuri. Tatizo liko wapi?"

"Mwezi wote wa nane alikuwa kwa bibi yake. Nilikuwa naye. Aliyehudhuria si yeye."

"Unasema ulimtoa mtoto wa darasa la saba shuleni, wakati wa masomo, mwezi mzima?"

"Niliruhusiwa."

"Kwa maandishi?"

"Alisema kwa mdomo."

"Mama yangu, hilo ni kosa kisheria. Nikiliandika hapa, wa kwanza kuitwa ni wewe na mzee. Halafu bado utabaki na kazi ya kuonyesha kwamba aliyekuwepo hakuwepo." Alisema bila vitisho. Alisema kama mtu anayemwonyesha mgeni shimo lilipo. "Nenda kaongee na mwalimu vizuri. Usimharibie mtoto."

Kutoka ofisini mpaka stendi Justina hakumwona mtu aliyepishana naye. Kitu alichokifanya kwa mapenzi, cha kwanza alichowahi kuwapa wanawe ambacho hakikuwa chakula wala nguo, ndicho kilichomziba mdomo. Ili aseme mwanawe ameibiwa ilimpasa kwanza aseme amemtorosha.

Alibakiwa na njia moja. Mtihani wa darasa la saba husimamiwa na mwalimu mgeni, kutoka shule nyingine, asiyemjua mtu. Justina aliamua kwamba siku hiyo Milembe angesimama mlangoni na kuitikia jina lake, na mgeni aamue. Method alisema ni kujidhalilisha. Milembe alifua sketi yake, akaipiga pasi ya mkaa.

Jioni ya kuamkia mtihani walikuja wasichana wawili wa darasa lake. Walikataa kuingia ndani. Walizungumza na Milembe nyuma ya zizi, na Justina, akiwa anakamua, aliona tu migongo yao. Mmoja alikuwa analia. Walipoondoka aliuliza wametaka nini.

"Wamekuja kunitakia heri," Milembe alisema.

Msimamizi alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Alisimama mlangoni akaita majina, na kila aliyeitwa aliingia na kalamu yake. Wazazi wachache walisimama mbali, chini ya minyaa. Mwalimu Joakim alikuwa kwenye kibaraza, mikono nyuma.

"Milembe Method."

"Nipo," walisema wasichana wawili.

Msimamizi aliinua macho. Aliita tena, na tena waliitika wawili, mmoja mwenye soksi nyeupe, mwingine mwenye kandambili. Kengele ya ng'ombe ilisikika kutoka malishoni. Justina alisogea mbele. "Mwalimu, huyu ndiye Milembe. Nimemzaa mimi. Yule anaitwa Benedikta."

"Huyo mama ana matatizo," Mwalimu Joakim alisema polepole. "Tumeshamzoea."

Msimamizi hakuwa mjinga. Alimtazama Joakim, akamtazama Justina, kisha akageukia waliokwisha kuingia. "Ninyi mmesoma pamoja miaka saba," aliwaambia. "Mimi sitamwuliza mtu mzima. Mnyoosheeni kidole Milembe Method."

Kwanza hakuna aliyetikisika. Halafu mkono mmoja uliinuka nyuma, wa mvulana ambaye Justina alimkata kitovu, ukamwelekea yule mwenye soksi. Ukafuata mwingine. Baadaye ikawa kama upepo umepita: mikono yote iliinuka, yote upande mmoja. Wawili waliokuja nyuma ya zizi waliinua yao huku wameinamisha vichwa. Benedikta mwenyewe alijifunika macho kwa rula.

Justina alikuwa amefungua kinywa kuwapigia kelele, mmoja mmoja, kwa majina ya mama zao, alipomwona Milembe. Mwanawe alikuwa amesimama wima pale mlangoni, na mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka. Alikuwa anamwonyesha Benedikta.

"Ni huyo, mwalimu," Milembe alisema. "Mimi nimekosea shule."

Msimamizi alivua miwani, akaivaa. Alisema, "Basi." Mlango ukafungwa.

Walifika nusu ya njia kabla Justina hajaweza kuuliza. Hata hapo hakuuliza vizuri. Alimshika mtoto mabega akamtikisa.

"Kwa nini? Kwa nini, Milembe?"

"Mwalimu aliwaambia wakisema kweli mtihani unafutwa. Wote. Mayu, mimi ningefanya na nani?"

Kuanzia siku hiyo Justina hakupita tena njia ya shuleni. Alikwenda kisimani kwa kuzunguka. Pamba ya msimu ujao aliipanda kwa wakati, kwa kuwa mvua za mwaka huo zilianza mapema na zilikataa kuacha, na majirani waliomsalimu "mwangaluka" aliwajibu "mhola" bila kusimama. Klementina alikuja kulala kwake siku kadhaa bila kusema amekuja kwa nini.

Majina ya waliochaguliwa kwenda sekondari yalitangazwa Desemba. Kutoka shule ile walichaguliwa watatu, msichana mmoja tu. Habari ilienea upesi. Mwanamke mmoja wa kijiji cha ng'ambo ya mto, asiyejua lolote, alivuka matopeni na kuku kwapani, akaanza kupiga vigelegele tangu kwenye zizi.

"Hongera, Mama Milembe! Mwanao ametutoa kimasomaso! Yuko wapi nimbusu?"

Milembe alikuwa uani anapepeta mtama. Aliweka ungo chini, akaenda, akapiga goti, akapokea kuku kwa mikono miwili, akasema asante.

Justina aliingia ndani. Kilio ambacho hakikutoka Septemba kilitoka hapo, na yule mgeni aliyekuwa uani alidhani ni cha furaha, akaongeza vigelegele.

Milembe Method Ngeleja sasa ni jina la mwanafunzi wa sekondari, na haliwezi kuandikwa tena darasani kwa mtoto mwingine. Justina hakurudi kwa Kwandu Mahona. Jina hilo lilipotajwa tena, Method, aliyelitaka mwanzo, alikuwa wa kwanza kukataa. Justina alikwenda peke yake Mwamanyili, katikati ya mvua, akaongea na mama yake na mwalimu wa shule moja ya kando ya ziwa. Alijibiwa kwamba mtoto asiye na barua ya uhamisho atapimwa kwanza, na hawezi kuwekwa juu ya darasa la tano. Milembe ana miaka kumi na minne. Alipoambiwa aliuliza tu kama ule mtumbwi uliopinduliwa bado upo.

Jumanne, tarehe 13 Januari 1998, barabara ikipitika, ataanza darasa la tano kwa jina la bibi yake, Minza. Method ndiye atakayempeleka. Veronica atabaki Sapiwi, na mama yake amesema hatamtoa shuleni tena hata kwa msiba.